Mwenyeji Wetu Ana Miaka Mitatu

Wiki nzima Mama Kasuku alikuwa akiuwaza uso wa mwanawe. Alishaupanga kichwani: wanakata kona ya benki, maji yanaruka juu pale uwanjani, na Bonge, ambaye tangu azaliwe anayajua maji ya ndoo na ya bomba tu, anaachama mdomo. Basi, alitaka hicho tu. Alitaka awe amechuchumaa mbele yake, auone uso ule kabla ya mtu mwingine yeyote duniani.

Hakuwa na tamaa kubwa. Hatua ya kwanza ya Bonge aliisimuliwa. Neno la kwanza alilisimuliwa. Jino la kwanza alilikuta limekwisha kuota, kama mpangaji aliyehamia bila kuaga. Mwanamke anayepiga pasi mashuka ya hoteli tangu alfajiri, na jioni akakimbilia darasa la hesabu za biashara, hupata habari za mwanawe kama watu wanavyopata habari za ng'ambo, zikiwa zimeshapoa. Lakini mji ulikuwa bado. Mji alikuwa ameuwekea akiba.

"Nendeni ninyi," alisema Bibi asubuhi ile, akimfunga Bonge viatu. Bibi alikuwa mama mkwe wake, mwanamke mrefu mwenye mwanya, ambaye ndiye aliyeshinda na mtoto siku zote za kazi. "Miguu yangu leo haina adabu. Ila mwangalieni huyu akifika kule, anapenda..." Akakohoa.

"Anapenda nini, Mama?"

"Kukimbia. Anapenda kukimbia, kwani humjui?"

Wakaondoka wanne. Baba Kasuku, fundi friji, alivaa shati ambalo mkewe alilipiga pasi ya hoteli, mstari wa mkono umesimama kama wembe. Kasuku mwenyewe, aliyekuwa darasa la kwanza na aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa, alitangulia akitangaza kila bango aliloweza kulisoma na mengine ambayo hakuweza. Bonge alibebwa. Alikuwa mzito kwa miaka yake mitatu, mashavu yamejaa, na alitazama kila kitu kwa utulivu wa mtu mzima anayesubiri chai yake.

Waliposhuka mjini, akaomba ateremshwe. Akauachia mkono wa mama yake, akapinda kushoto.

"Huku," alisema.

"Huku wapi, bwana mdogo?"

"Kwenye maji."

Baba Kasuku alicheka. "Umesikia? Katusikia tukiongea. Mtoto huyu ana masikio ya sungura."

Mama Kasuku naye alicheka, ingawa kicheko hakikushuka hadi tumboni. Wakamfuata. Chini ya veranda ya jengo refu alikuwepo mpiga viatu rangi. Alipomwona Bonge alinyanyua brashi yake juu, akapiga saluti.

"Mheshimiwa! Leo umekuja na msafara?"

Bonge akainua mkono, kiganja wazi, hakusimama. Namna alivyofanya ungedhani amepigiwa kura.

"Unamjua mwanangu?" aliuliza Mama Kasuku.

Yule mtu alimtazama yeye, akamtazama mumewe, kisha akainamia kiatu kilichokuwa kimeshang'aa. "Mimi watoto wote nawaita hivyo, mama. Ndiyo biashara."

Ikaonekana inaingia akilini. Wakafika kona ya benki. Mama Kasuku alikimbia mbele kidogo, akachuchumaa, akageuka kumkabili mwanawe, moyo ukimdunda kama msichana anayesubiri matokeo. Nyuma yake aliyasikia maji yakipanda na kuanguka. Kasuku alipiga yowe la furaha. Bonge alitokea pembeni ya ukuta, akayatazama maji yale kama mtu anavyolitazama sinki la jikoni kwake.

"Leo yanaruka kidogo," alisema. "Jana yaliruka mpaka kule."

Mama Kasuku alibaki amechuchumaa.

"Jana?" alimuuliza mumewe.

"Kwa Bonge kila kitu ni jana. Hata mwaka jana ni jana."

"Sawa. Lakini mwaka jana alikuwa hapa?"

Baba Kasuku akasema watoto wana njaa, jambo ambalo wanaume wengi husema wanapokosa la kusema.

Pembeni ya uwanja palikuwa na mgahawa wenye meza za nje. Wakaketi. Bonge aliendelea na maisha yake: akapiga teke mguu wa meza, akachovya kidole kwenye bakuli la sukari, akamvuta dada yake utepe wa nywele. Mhudumu alikuja, kijana mwembamba mwenye aproni, akawakaribisha, akatoa penseli nyuma ya sikio ili aandike.

Bonge akaganda.

Mikono ilianguka magotini. Kidevu kikainuka. Macho yalikwenda pembeni ya paa yakanata hapo, hayapepesi, na kidole chake chenye sukari kikabaki kimesimama peke yake kama mshumaa.

"Bonge?" alisema mama yake. "Bonge! Bonge, baba, nitazame!"

Hakumtazama. Mama yake alimtikisa bega, bega likawa gumu kama ubao.

"Degedege! Baba Kasuku, mtoto ana degedege!"

Basi ikawa zogo. Baba Kasuku aliruka, kiti kikaanguka. Mama mmoja wa meza ya pili akapiga kelele mtoto awekwe kijiko mdomoni. Mumewe akamkaripia kwamba kijiko ndicho kinachoua. Wakaanza ugomvi wao wenyewe. Mama Kasuku alinyakua jagi la maji, akalimimina lote kichwani kwa mtoto. Mhudumu alirudisha penseli sikioni ili apate kusaidia.

Bonge akapepesa macho. Maji yalimtiririka puani.

"Mama," alisema kwa uchungu mkubwa, "umenilowesha."

Mama yake alimkumbatia, akamkumbatia tena, akampapasa paji la uso. Halikuwa na joto. Watu wakarudi kwenye vikombe vyao. Mhudumu alipangusa jasho, akasema pole jamani, basi niwaletee nini, akatoa penseli. Bonge akaganda tena, mikononi mwa mama yake, kidevu juu.

"Mama," alisema Kasuku, "ni ile penseli."

"Nyamaza wewe."

"Ni penseli! Kaka, irudishe. Haya, itoe. Irudishe. Mmeona?"

Waliona. Penseli ikitoka, mtoto anakuwa jiwe. Ikirudi, anayeyuka na kuulizia aiskrimu. Baba Kasuku, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta mashine imekatikia wapi, alikodoa macho kama aliyeshikwa na umeme. Mhudumu naye alikuwa amemwinamia Bonge akimchungulia.

"Subirini kwanza. Huyu si mjukuu wa Bibi Mrefu?"

"Bibi Mrefu yupi?" Sauti ya Mama Kasuku ilitoka nyembamba.

"Bibi mmoja mrefu, ana mwanya, akicheka anajipiga paja. Huja naye hapa, wanaketi meza ile ya pembeni. Mtoto maziwa, yeye chai. Huyu mtoto tunamjua, tumemuona tangu anabebwa mgongoni..." Akaona sura zao, maneno yakamwishia. "Labda nimefananisha. Watu wanafanana sana siku hizi." Akaenda kufuta meza iliyokuwa safi.

"Bibi yetu naye anajipiga paja," alisema Kasuku.

Pale hotelini, kwenye meza za pasi, wanawake husimuliana mambo wakati mvuke unapanda. Mama Kasuku aliyakumbuka yote kwa mpigo. Walezi wanaotoka na watoto wa watu mchana wazazi wakiwa kazini. Watoto wanaoazimishwa kwa ombaomba, wakaketishwa kwenye taa za barabarani juani. Wanafundishwa kwanza, husema wale wanawake. Wanafundishwa kutulia. Wanafundishwa kuinua uso.

Kutulia. Kuinua uso.

"Baba Kasuku," alinong'ona, "unajua wanavyowafanya watoto..."

"Usithubutu." Hakuwahi kumsikia akiongea hivyo. "Huyo unayemwaza ni mama yangu."

"Na huyu ni mwanangu."

Walitazamana juu ya bakuli la sukari. Jumatatu alfajiri mmoja wao angetoka na mwingine angetoka, na mtoto angeachwa mikononi mwa mtu. Sasa hawakujua mtu huyo ni nani.

Mama Kasuku akamgeukia Bonge, akalainisha sauti kadiri alivyoweza. "Bonge, baba. Wewe na Bibi mkija mjini, huwa mnakwenda wapi?"

Bonge alitazama kulia, akatazama kushoto. "Siri."

"Siri ya nani?"

"Ya mimi na Bibi."

"Sawa. Usiniambie. Nionyeshe tu."

Kwa mtoto wa miaka mitatu hilo halikuwa na kosa lolote. Akashuka kitini, akamshika mama yake kidole, akaongoza njia. Hawakuagiza kitu. Kasuku alilia aiskrimu hatua kadhaa, kisha naye akanyamaza, maana nyuso za wakubwa zilimtisha.

Walipita nyuma ya uwanja, kwenye mtaa mwembamba wa maduka ya vitambaa na vioo, hadi jengo la zamani lenye plasta iliyobanduka na madirisha makubwa kupita kiasi. Mlangoni aliketi mlinzi mnene, redio ndogo mapajani.

"Mheshimiwa!" alisema kwa furaha. "Umechelewa leo. Bibi kashaanza."

Mama Kasuku alishika fremu ya mlango. "Bibi... yuko humu? Sasa hivi?"

"Yuko juu. Ninyi ni nani?"

"Kaanza nini?" aliuliza Baba Kasuku.

"Kukaa."

"Kukaa?"

"Kukaa, ndugu yangu. Ndiyo kazi yenyewe." Mlinzi alimtazama kama mtu asiyejua mambo ya mjini. "Pandeni tu, huyo mtoto ana ruhusa ya kudumu."

Ngazi zilikuwa za mbao, zimelika katikati. Harufu ya rangi mbichi iliwapokea kabla ya mlango. Bonge alipanda kwa mikono na miguu kama paka wa nyumba, na hata pale ngazi ilipokosa kipande alijua kuiruka. Mama yake aliiona ile miguu ikiruka bila kutazama. Mtoto hujua hivyo ngazi za kwao.

Bonge alisukuma mlango kwa kichwa.

Chumba kilikuwa kikubwa na cheupe kwa mwanga. Watu kama darasa zima walikuwa wameketi duara, kila mmoja na ubao wake uliosimama kwa miguu mitatu, kila mmoja ameshika penseli. Na katikati, juu ya jukwaa la mbao, alikuwepo Bibi.

Alikuwa amejifunga shuka jeupe hadi kwapani. Mabega yake yalikuwa wazi. Nywele zake, ambazo Mama Kasuku hakuwahi kuziona kwa miaka yote waliyoishi nyumba moja, zilikuwa zimefumuliwa, nyingi, nyeupe, zimemzunguka uso kama wingu. Kidevu juu. Macho pembeni ya dari. Hakupepesa.

Baba Kasuku alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Akageuza uso ukutani, akaurudisha, akaugeuza tena. Si jambo dogo mtu mzima kuona mabega ya mama yake mbele ya halaiki.

"Samahani," alisema mwanamke mfupi wa miwani, mwalimu bila shaka, bila kugeuka, "mnaziba mwanga."

"Mwanga!" alipata sauti Baba Kasuku. "Mama! Mama, ni nini hiki?"

Bibi hakugeuza hata jicho. Lakini midomo yake ilisogea kidogo sana, kama mtu anayeongea na pini mdomoni.

"Funga mlango. Upepo."

Baba Kasuku alifunga mlango. Baadaye yeye mwenyewe hakuweza kueleza kwa nini, ila mwana ni mwana.

Bonge, kwa upande wake, hakuona ajabu yoyote. Alikatiza katikati ya watu, akapanda kwenye kibao kidogo kilichokuwa miguuni pa Bibi, akaweka mikono magotini, akainua kidevu. Chumba kizima kilihema kwa raha.

"Ahaa," alisema mtu, "kafika mwenzetu." Na penseli zote zikaanza kukwaruza kwa pamoja.

Mama Kasuku alisimama palepale mlangoni. Alikuwa amejiandaa kwa taa za barabarani, kwa kopo la sarafu, kwa jua. Hofu ile ilimtoka yote kwa mara moja ikamwacha mtupu, na kabla hajapumua, akaziona kuta.

Kuta zilikuwa zimejaa Bonge. Bonge bila jino hata moja, amelala begani kwa Bibi. Bonge ananyonya kidole. Bonge analia, mdomo wazi, jino moja tu limechomoza chini. Alikwenda ukutani kama mtu anayetembea usingizini, akapita karatasi moja baada ya nyingine, hadi karatasi iliyochorwa haraka, mistari inakimbizana. Mtoto mdogo ameachia kiti. Mikono iko hewani. Mguu mmoja umenyanyuka.

"Hii," alisema. "Hii ni nini?"

Mwanafunzi mmoja, mzee mstaafu mwenye ndevu, aliinua uso. "Ah, hiyo! Hiyo ni siku aliyotembea. Aliachia kiti, akanijia mimi, akaangukia hapa gotini. Tulipiga makofi mpaka mlinzi akapanda kuuliza kuna nini. Samahani kwa mkono wa kushoto, furaha ilinivuruga."

Watu wote hawa. Yule wa ndevu, mwalimu wa miwani, wasichana wale wawili wa dirishani, na mlinzi na redio yake. Wote walikuwepo. Jioni ile yeye alirudi na harufu ya mvuke nguoni, akaambiwa, "Leo Bonge katembea, kutoka kochini mpaka mlangoni," na usiku kucha alikuwa akilipima kwa macho lile kochi na ule mlango, akijaribu kuona.

Alikwenda katikati ya duara, akamnyanyua Bonge kutoka kwenye kibao. Penseli zikasimama. Wachache waliguna.

"Huyu ni wangu," alisema. "Mmenielewa? Huyu ana mama. Hachorwi tena hata sikio kabla mimi sijajua."

Ndipo Bibi akashusha kidevu. Mwalimu alivua miwani kwa mshangao. Ilionekana jambo hilo halijawahi kutokea humu ndani. Bibi alilikaza shuka, akamtazama mkwewe, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekamatwa na ambaye, kwa upande mwingine, amechoka kukimbia.

"Una haki," alisema.

"Haki gani!" Baba Kasuku sasa alikuwa amepata pumzi. "Mama, kesho unarudi kwa dada. Kesho! Umetudanganya tangu mtoto hana meno. Umemtoa mtoto nyumbani, umevuka naye mji, kwa ajili ya... ya kukaa!"

"Nirudi kwa dada yako nikafanye nini? Si nikae vilevile? Tofauti ni kwamba kule nitatazama ukuta, na hapa ninatazamwa." Hakupaza sauti. "Nyumbani kwenu mnaniuliza vizuri sana. Mtoto kala? Mtoto kalala? Gesi umeizima? Hapa wananiuliza: Bibi, shingo inauma? Nikisema inauma, watu wote hawa wanaweka penseli chini, wananingoja mimi. Mimi! Siku ya kwanza nilipanda hapa kukwepa mvua tu, nikiwa na huyo mgongoni. Wakaniambia, mama, usisogee. Nani aliwahi kuniambia nisisogee? Maisha yangu yote naambiwa sogea."

Baba Kasuku, kama mtu aliyeshindwa ugomvi na mama, akaanza ugomvi na jirani. Alisonta ubao wa mzee wa ndevu.

"Na huyu ndiye nani? Huyu si mama yangu. Pua ya mama yangu si hiyo."

"Ikoje?" aliuliza mzee kwa upole.

"Ni... ni..." Alichora hewani kwa kidole. Akasita. "Haina hii kona hapa juu."

"Tazama basi."

Alikwenda jukwaani kwa hasira, ainame apate ushahidi. Akainama. Akakaa hivyo muda. Juu ya pua ya mama yake palikuwa na kovu la zamani, limeivunja kidogo pua, kona ileile ya mchoro.

"Hili ulilipata lini?" aliuliza. Hasira ilikuwa imemtoka kama hewa kwenye tairi.

"Mlango wa friji yako ya kwanza kutengeneza. Uliufungua kwa nguvu, mimi nimesimama nyuma nimekuletea chakula. Hukugeuka. Ulikuwa na furaha sana, taa ya ndani ilikuwa imewaka."

Baba Kasuku alikaa chini, pembeni ya jukwaa, hapohapo sakafuni, na shati lake la pasi ya hoteli. Alimtazama mkewe.

"Mimi siwezi," alisema. "Nikisema abaki nimekuwa mtoto, nikisema aende nimekuwa mtoto. Amua wewe. Wewe ndiye unayemwachia."

Mwalimu aliwaambia wanafunzi wakanywe chai, na wakatoka kwa vidole vya miguu, wakimchukua Kasuku, ambaye alishaanza kuwaeleza habari za familia nzima. Mama Kasuku alibaki amemshika Bonge. Alimpenda huyu mwanamke wa nywele nyeupe, na alitaka kumrushia kiti. Vyote viwili vilikuwa vya kweli na hakuna kilichotaka kumpisha mwenzake.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungekataa."

"Ningekataa."

"Sasa?"

"Sasa nini, Mama? Ungeniambia, nikakataa, tukagombana kama watu wengine. Ningenuna, ungenuna, siku moja ningekuja kuona. Ningekuwepo. Alitembea hapa, Mama. Hapa. Mimi ukanipa kochi na mlango."

Bibi aliinama. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Hilo," alisema, "hilo sina pa kulificha. Nilitaka kukuambia usiku ule. Ulikuwa umefurahi mno, nikashindwa kukunyang'anya lile kochi."

Mama Kasuku alifuta uso kwa mgongo wa mkono.

"Siku unayotaka kuja naye, unaniambia asubuhi. Si siri ya mtu. Nikiwa nimeshika pasi nijue mwanangu yuko wapi."

"Na ukisema hapana?"

"Utanuna."

Bibi alianza kuzisokota nywele zake, polepole, akazifunika kwa kitambaa. Akamtazama mkwewe kwa pembe ya jicho. "Haya. Nimekuambia. Kesho kutwa nataka kuja naye."

Hakungoja hata saa ipite! Jibu lilikuwa mdomoni mwa Mama Kasuku, lakini aligundua hajui anajibu kuhusu nini. "Huwa mnashukia wapi?" aliuliza.

"Ng'ambo ya barabara kuu."

"Na mnavukia wapi?"

"Njoo nikuonyeshe."

Bibi alipokwisha vaa, walimchukua Kasuku na biskuti zake, wakashuka wote. Barabara kuu ilikuwa nyuma ya jengo. Magari yalipita pande zote mbili bila mwanya, malori, pikipiki zikichomoka katikati kama sindano. Bibi aliwapeleka penye uzio wa chuma uliokuwa umepindwa, ukaacha upenyo wa mtu mmoja.

"Hapa," alisema.

"Hapa wapi?"

"Hapahapa. Unampandisha mtoto mgongoni, unatazama uso wa dereva. Ukimwona ni mtu anayempenda mama yake, unapita."

"Mama!" Lori lilipita, likawapepea nguo. Mama Kasuku alihisi roho ikimruka na kurudi vibaya. "Miaka yote hii? Na mtoto? Hapa?"

"Hajatugusa mtu."

Baba Kasuku alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Hapana," alisema Mama Kasuku.

"Si umesema nikikuambia..."

"Nimesema uniambie. Umeniambia. Hapa, hapana."

Akawaongoza yeye sasa, Bonge kiunoni, mbali kidogo, hadi palipokuwa na taa na mistari myeupe. Bibi alikuja nyuma akilalamika kwamba kwa mwendo huu mtu atafika darasani wenzake wameshazeeka. Hakuwa amewahi kukiona kile kitufe cha kwenye mlingoti. Mama Kasuku alikibonyeza. Kimtu chekundu kiliwaka ng'ambo.

Kwa bahati, barabara ikawa tupu ghafla. Hakuna gari, hakuna baiskeli. Bibi alitia mguu barabarani, na mkwewe akamshika kiwiko kwa nguvu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Bado."

"Hakuna hata mbwa!"

"Bado, Mama. Mpaka kigeuke kijani."

"Tutaota mizizi."

"Tuote."

Bibi alikitazama kile kimtu chekundu kwa dharau kubwa. Kisha akamtazama mkwewe, ambaye alikuwa bado hajakiachia kiwiko. "Kwa hiyo kesho kutwa..." alianza.

"Kesho kutwa mtavukia hapa," alisema Mama Kasuku.

Bibi akaurudisha mguu wake juu ya ukingo.